Gari la Kwenda Nalo Msibani

Jumamosi moja mwezi uliopita nilipambana na mlango wa gari la mtu kwa dakika nzima, nikiapa kwamba ni langu.

Tulikuwa msibani Tabata. Magari yalikuwa yamejazana kwenye kiwanja cha mpira jirani na nyumba ya wafiwa, jua la saa saba linapiga mabati kana kwamba limetumwa. Nilikuwa nimeshatoa pole, nimeshaandikisha rambirambi yangu, nikawa nafuata chupa ya maji niliyoiacha garini. Nikaiona Toyota Premio yangu ya rangi ya fedha, nikabonyeza rimoti. Kimya. Nikabonyeza tena. Kimya. Nikailaani betri, nikachomeka ufunguo mlangoni. Ukaingia, ukagoma kuzunguka. Nikaanza kuutikisa mlango. Ndipo nilipoinamia kioo, nikaona tasbihi nyeusi inaning'inia chini ya kioo cha kati, kiatu kimoja cha mtoto kimelala siti ya nyuma, na pembeni yake bahasha kubwa ya kaki ya picha za eksirei. Mimi sina mtoto wa umri wa kiatu kile. Tasbihi nayo si yetu. Kioo cha kwangu kinabeba rozari ya mke wangu.

Mwenye gari alikuwa chini ya mwembe, hatua kumi hivi, ananitazama bila hasira.

"Yako ile pale, kaka," akaninyooshea kidole. "Mimi asubuhi nilianza na hiyo yako."

Tulicheka wote wawili, kwa sauti ya chini kama inavyopasa msibani. Lakini jambo lile lilinikaa. Kiwanjani pale nilihesabu Premio sita: tatu za rangi ya fedha, mbili nyeupe, moja nyeusi. Hakuna hata moja ambayo ungeikumbuka baada ya kuipita. Mpenda magari ya kuonekana atasema huo ndio ubovu wake. Mimi nimeendesha yangu mwaka wa tisa sasa, na nimefikia imani nyingine. Nje zote ni moja ili ndani kila moja iwe nyumba ya watu wake. Ukitaka kujua ni ya nani, usitazame bodi. Inamia kioo.

Kamati inakutazama ukishuka

Anayeishi Dar es Salaam anajua kwamba gari husomwa kabla mwenyewe hajafungua mdomo. Nenda kwenye kikao cha harusi. Ukishuka kwenye shangingi, katibu wa kamati ameshakuandikia ahadi kichwani mwake, na ukitaja laki moja watu watatazamana. Ukishuka kwenye kigari kilichochoka, kinachotoa moshi na kulia mkanda, utapewa pole kabla ya kupewa kadi. Fundi bomba anayekuja kutazama tangi lako hupiga jicho kwanza pale lilipoegeshwa gari, ndipo anapokumbuka bei ya koki. Muuza machungwa wa kandokando ya barabara hufanya hesabu hiyohiyo wakati kioo kinashuka.

Premio haisomeki. Mwenye nayo anaweza kuwa mwalimu mkuu aliyekopa kwenye SACCOS, daktari bingwa, mstaafu aliyekimalizia hapo kiinua mgongo chake, au mfanyabiashara wa Kariakoo mwenye maghorofa mawili na asiyetaka mtu ajue la tatu linajengwa wapi. Wote hufungua mlango uleule na kuufunga kwa mlio uleule mzito. Kamati inabaki imeshika kalamu, haijui iandike nini. Hapo ndipo unapotaja mchango unaouweza, na maisha yakaendelea.

Ndiyo maana naiita gari la kwenda nalo msibani. Msibani hutakiwi kung'aa kuliko jeneza, wala kufika ukisukumwa na vijana. Unatakiwa uwepo, ukae, na ukihitajika kubeba watu uwabebe. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Sijawahi kuona bango la Premio barabarani wala kusikia tangazo lake redioni, na bado katika kila mtaa ina kaya yake.

Upana wa sentimita 169 na nusu

Upole wa umbo lake una asili ya kisheria. Japani, magari ya abiria hugawanywa kwa vipimo. Lisilozidi urefu wa mita 4.7, upana wa mita 1.7, kimo cha mita 2 na injini ya petroli ya cc 2,000 huhesabiwa katika kundi la magari madogo. Likizidi kipimo kimoja tu kati ya hivyo, linahamia kundi la juu. Zamani kuhama kundi kulikuwa na adhabu nzito ya kodi. Kodi ile ilirekebishwa mwaka 1989, lakini vichochoro vya miji ya Japani na maegesho yake ya kubana havikurekebishwa, kwa hiyo wanunuzi wengi waliendelea kulipenda kundi lile.

Sasa chukua futi ya fundi seremala uipime Premio upana wake: milimita 1,695. Imeachwa milimita tano chini ya mstari, unene wa kidole kidogo haufiki. Mhandisi aliyebanwa hivyo hawezi kuvimbisha fenda wala kulitanua gari mabega likaonekana lina misuli. Akili yake yote inahamia ndani. Urefu wa gari ni karibu mita 4.6, na kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma kuna mita 2.7. Umbali huo wa matairi ndio unaowapa abiria wa nyuma nafasi ya magoti. Egemeo la siti ya nyuma linalala kidogo kwa anayetaka kusinzia, na likikunjwa kwa mafungu, godoro la mtoto wa bweni linapita kutoka kwenye buti. Dashibodi ina utepe wa mbao ya bandia ambayo haimdanganyi mtu, ila inayatuliza macho.

Ukoo wenyewe ni wa zamani. Toyota ilianza kuunda Corona mwaka 1957, na Carina ikafuata mwaka 1970. Mwaka 1996 ikaja Corona Premio. Desemba 2001 jina la Corona likaachwa, ikabaki Premio peke yake, na pacha wake Allion akarithi kiti cha Carina. Kizazi kingine kilitoka mwaka 2007. Kwa Kiitaliano na Kihispania neno hilo ni tuzo au zawadi, jina la majivuno kidogo kwa gari lisilojivuna.

Halikuundwa kwa ajili yetu. Lililengwa kwa Mjapani mwenye umri wa kati anayekwenda kazini na kurudi, na kwetu linafika likiwa limeshamtumikia. Kule gari jipya la binafsi hukaguliwa na serikali baada ya miaka mitatu, kisha kila baada ya miwili, na ukaguzi huo una gharama. Wengi huona heri kuuza. Gari linakwenda mnadani, linapewa karatasi yake ya alama: 4, 4.5, au herufi R ikiwa liliwahi kugongwa likatengenezwa. Mnunuzi wa Dar anayejua mambo huomba karatasi hiyo kabla ya picha, maana picha hupigwa upande uliopona.

Langu lilifika na desturi za kwao. Stika ya badiliko la oili ilikuwa bado imebandikwa kwenye fremu ya mlango, imeandikwa kwa kalamu, na hadi leo sijaibandua. Redio ilikomea 90, kwa kuwa masafa ya FM ya Japani huanzia 76 na redio za kizamani za huko haziendi mbali zaidi, huku stesheni nyingi za Dar ziko juu ya hapo. Nilifunga kifaa cha kuhamisha masafa, nikawa nasikiliza taarifa ya habari kwenye namba isiyo yake. Na kila nikiwasha gari, mwanamke huzungumza kwa Kijapani kutoka ndani ya dashibodi. Binti yangu alipokuwa na miaka minne aliamini ni bibi anayeishi mle. Kila asubuhi alimwamkia shikamoo. Baadaye rafiki aliyesoma Japani alinitafsiria: mama yule anakumbusha tu kwamba kadi ya kulipia barabara haijachomekwa. Miaka tisa anakumbusha, na kadi haijapatikana.

Kabla yake alikuwapo simba

Kizazi cha baba yangu nacho kilikuwa na gari la namna hii, na lilibeba simba kwenye pua. Peugeot 404, kisha 504. Watu walisema Pijo, wakamaliza.

Leo ukitaja gari la mashindano, kijana anawaza kitu kilichoinama na chenye mabawa. Enzi zile mashindano ya East African Safari Rally yalitwaliwa na sedan ya familia. Peugeot 404 ilichukua ubingwa mwaka 1963, ikarudia 1966, 1967 na 1968. Mwaka 1963 na mwaka 1968 njia ilikuwa mbaya kiasi kwamba magari yaliyofika mwisho yalikuwa 7 tu kila mara. Ushindi wa 1966 na ule wa 1967 ulikuwa wa Bert Shankland, dereva aliyekuwa akiishi hapahapa Tanzania, akiwa na msomaji wake wa njia Chris Rothwell. Mwaka 1975 ikawa zamu ya 504, mikononi mwa Ove Andersson wa Sweden.

Jambo la kustaajabisha ni kwamba 504 iliyoshinda vile ilikuwa ndugu wa tumbo moja na ile iliyomleta mkurugenzi ofisini Jumatatu. Ilizinduliwa Ufaransa mwaka 1968, ikatajwa Gari la Mwaka la Ulaya kwa 1969. Umbo lake lilitoka kwa Pininfarina wa Italia. Iliunganishwa Mombasa na Kaduna, ikaenea kutoka pwani hadi bara. Springi zake zilikuwa na mwendo mrefu, siti zake laini kama mto wa wageni. Nakumbuka ile ya ofisi ya wilaya ilipopita kwenye barabara ya vumbi mbele ya shule yetu: matairi yanapanda na kushuka kwenye mashimo, lakini vichwa vya waliokaa ndani vimetulia, kama vya watu waliomo kwenye mtumbwi siku ya maji shwari. Dereva alivaa shati jeupe. Hakupiga honi. Hakuhitaji.

Kununua gari lako mwenyewe wakati ule ilikuwa ndoto ya kuombea kibali. Mambo yalianza kulegea mwaka 1984, serikali iliporuhusu mtu mwenye fedha zake za kigeni kuingiza bidhaa. Mwaka uliofuata akaingia Rais Ali Hassan Mwinyi, Mzee Ruksa, na mlango ukafunguka zaidi. Magari yaliyotumika yakaanza kumiminika, mengine moja kwa moja kutoka Japani, mengine kwa njia ya Dubai. Corona na Carina zikashuka bandarini na kukalia kiti ambacho simba alikuwa ameanza kukiachia. Gari lilibadilika, lakini kazi ya kiti kile ilibaki ileile: kumbeba mtu mwenye familia hadi anakokwenda, bila kumtangaza.

Kiganja cha fundi

Siku moja mbele kulianza kulia: ngo, ngo, ngo, kila nikipanda tuta. Nilimpelekea fundi wangu, mzee wa maneno machache anayefanya kazi chini ya mkorosho. Hakuuliza swali. Aliweka kiganja kwenye kona ya boneti, akaikandamiza mara tatu, akaiachia, akasikiliza ikirudi. Akahamia kona ya pili. Kisha akajifuta mkono kwenye ovaroli.

"Stabilaiza linki, ya kushoto. Shokapu zako nzima."

Ilikuwa stabilaiza linki ya kushoto. Nilikwenda kwenye maduka ya spea ya Gerezani na kurudi kabla ya adhana ya alasiri, na spea yenyewe niliipata kwenye duka la pili.

Urahisi huo ni sehemu kubwa ya utamu wa gari hili. Injini iliyomo kwenye Premio nyingi za mtaani ni 1NZ-FE ya cc 1,496. Injini hiyohiyo imo kwenye IST, Raum, Probox na Corolla. Kwa hiyo plagi, koili, pampu ya maji na mauntini za Premio hazitafutwi kama dawa ya nadra. Zimetundikwa dukani kama vitunguu. Halafu inatumia cheni ya taiming badala ya mkanda, na mwenye kubadilisha oili kwa wakati anaweza kuisahau cheni hiyo kwa miaka. Na kwa kuwa haizidi cc 2,000, ushuru wa bidhaa wa injini kubwa unaipita mbali.

Fundi huyohuyo hana mashairi, na ana onyo lake. Kuna Premio za cc 2,000 zenye maandishi ya D-4, ambazo petroli hupulizwa moja kwa moja ndani ya silinda kwa shinikizo kubwa. Mfumo huo hautaki mafuta machafu wala mkono wa kubahatisha. Mafundi wengi humwambia mnunuzi achukue 1.5 au 1.8 alale usingizi. Kizazi cha 2007 nacho kilieneza gia za CVT, zenye oili yake maalumu. Ukiwekewa oili ya gia otomatiki ya kawaida na kijana mwenye haraka, gia boksi itakulipa kwa muda wake.

Na tusilipambe gari hadi likawa bibi harusi. Liko chini. Matuta ya mitaa yetu, yaliyojengwa na wananchi wenyewe kwa hasira, hulikwaruza tumbo. Wengi hufunga spesa kuliinua kidogo. Mvua za masika zikijaza Jangwani, mwenye Premio husimama pembeni na kuwatazama wenye magari marefu wakipita. Na kule kufanana ninakokusifia ndiko kunakompendeza mwizi: kioo cha pembeni kilichong'olewa Sinza kitakaa sawasawa kwenye gari la Mbagala. Ndiyo maana nyingi utaziona zimechongwa namba za usajili kwenye vioo na taa, kama ng'ombe waliotiwa alama.

Desemba, njia ya Moshi

Mtu anayetaka kulijua gari la familia asilijaribu mjini. Asubiri Desemba, wakati Wachaga na wakwe zao wanapopanda kwenda kula Krismasi nyumbani. Mimi ni wa kundi la wakwe.

Tunaondoka alfajiri, watano ndani. Buti limebeba mchele, mafuta ya kupikia, nguo za sikukuu na zawadi ya mama mkwe iliyofungwa kwa mashuka isipasuke. Chalinze kunapambazuka. Segera tunanunua machungwa. Vijiji vina alama ya 50, na mbele ya alama hiyo, mara nyingi chini ya mti wenye kivuli kizuri, kuna askari mwenye tochi. Kuna magari yanayokuchokoza uongeze mwendo, yananguruma kama yanakulaumu. Mark II ya zamani, yenye silinda sita zilizopangwa mstari, ilikuwa na tabia hiyo, na vijana waliimaliza wakiitii. Premio haikuchokozi. Kwenye 80 injini inanong'ona, rasta zinapita chini ya matairi kama mtu anayegonga mlango kwa adabu, na sauti ya juu kabisa ndani ni ya watoto wakigombea dirisha.

Pale Mombo, milima ya Usambara ikiwa imesimama mkono wa kulia, mwaka jana mke wangu alianza kunisimulia jambo kuhusu kaka yake ambalo hakuwahi kunieleza kwa miaka kumi na saba ya ndoa. Alilisimulia hadi Same. Nilisikiliza kilomita zile zote. Baadaye nilipojaribu kukumbuka barabara ilikuwaje, ni malori mangapi tuliyapita, gia ilibadilika lini mlimani, sikukumbuka chochote. Nilikumbuka maneno yake tu.

Kwa maoni yangu, hiyo ndiyo sifa kuu ya gari la namna hii, ingawa hakuna dalali atakayeitaja yadi. Gari zuri la familia husahaulika ukiwa ndani yake. Kelele ya upepo ikizidi, watu huacha kuzungumza. Siti ikiumiza, mtoto huuliza kila baada ya robo saa kama tumefika. Likiwa na makeke, dereva huwa na mazungumzo na gari, na abiria wanabaki na simu zao.

Kiti kinachobaki wazi

Toyota iliacha kuunda Premio mwaka 2021. Mark X, mrithi wa Mark II, ilikuwa imeshatangulia mwaka 2019. Crown, iliyokuwa sedan ya heshima ya Japani kwa miongo mingi, mwaka 2022 ilizaliwa upya ikiwa imeinuliwa miguu. Camry iliacha kuuzwa Japani mwishoni mwa 2023, ingawa bado inauzwa kwingineko. Marekani, kampuni ya Ford ilitangaza mwaka 2018 kwamba itaacha kuuza sedan zake huko. Watu wanataka kukaa juu. Siwalaumu, mwenye kupita Jangwani kwenye maji ana haki ya kutamani kimo.

Huku kwetu, mlango unafungwa taratibu, na Kenya utatangulia. Sheria ya huko hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka minane, kwa hiyo zile Premio za mwisho, za 2021, zitaweza kuingia hadi 2028, kisha basi. Tanzania haina ukuta wa namna hiyo. Ina ushuru wa uchakavu unaoongezwa kwa gari la miaka minane na kuendelea. Zitazidi kuja, ila kila mwaka zitakuja zimezeeka na zimepanda bei. Tayari matangazo ya mauzo yamebadilika lugha. Zamani muuzaji alisema "Premio, namba C, bei poa". Siku hizi anasema "Premio, namba D, haijaguswa rangi", kwa sauti ya mtu anayetangaza kiwanja chenye hati.

Bibi watatu

Nirudi msibani Tabata, maana siku ile haikuishia mlangoni pa gari la mtu.

Tuliporudi kutoka makaburini, kijana aliyesimamia usafiri alikuwa akigawa watu kwenye magari. Kulikuwa na bibi watatu wa kurudishwa Gongo la Mboto. Aliwaelekeza kwenye Prado iliyokuwa karibu, nyeusi, safi, mwenye nayo akiwa ameshafungua milango kwa moyo mweupe kabisa. Bibi wa kwanza alishika mpini, akaweka mguu kwenye ngazi, akatazama juu, akatazama chini. Akaurudisha mguu mchangani.

"Hapana baba," alimwambia mwenye gari kwa upole. "Mimi sijaja kupanda mnazi."

Wakaletwa kwangu. Nikawaamkia, wakaitikia marahaba kwa zamu. Bibi yule alinigeuzia mgongo, akaketi kwanza kwenye siti kama mtu anayekaa kitandani, kisha akaingiza mguu mmoja, akaingiza wa pili, akavuta kanga yake ikaingia yote. Wa pili akafanya vilevile. Wa tatu, mkubwa kuliko wote, alikaa mbele na fimbo yake katikati ya magoti. Mama wa Kijapani akatoa taarifa yake ya kadi. "Anasemaje?" akauliza bibi wa mbele. Nikamwambia anatutakia safari njema.

Kabla hatujafika uwanja wa ndege, mmoja wa nyuma alikuwa amelala, mdomo wazi kidogo. Wenzake walizungumza habari za marehemu njia nzima: alivyokuwa mchezaji wa ngoma ujanani, alivyowahi kumkimbiza mwizi na mwiko, alivyokataa kuolewa mara ya pili. Hakuna aliyeuliza hili ni gari gani, la mwaka gani, nimelinunua kwa kiasi gani. Nilipowashusha, yule wa fimbo aligonga paa mara mbili kwa kiganja, taratibu, kama anavyoagwa ng'ombe wa maziwa aliyeshakamuliwa, akaingia ndani.

Kesho yake nilipokuwa nafagia gari nilikuta kikopo kidogo cha ugoro kimejipenyeza kwenye mfereji wa siti ya nyuma. Bado sijakipeleka. Nimekiweka palepale hadi Jumamosi nitakapopita Gongo la Mboto, na harufu yake imeshaanza kukaa kwenye kitambaa. Hadi siku hiyo, mtu akikosea gari kama nilivyokosea mimi, ainamie kioo. Yenye rozari mbele na ugoro nyuma ndiyo ya kwetu.